Presha ya Kupanda: Jinsi ya Kuipima Nyumbani, Kuishusha na Kuizuia Isirudi

Presha ya kupanda haina maumivu yake. Kichwa chaweza kuuma siku namba ziko sawa, na chaweza kutulia kabisa siku namba ya juu imefika 170. Kwa hiyo mtu anayesema "presha yangu ikipanda naijua" amejiweka pabaya: humeza vidonge siku anayojisikia vibaya na kuviacha siku anayojisikia vizuri, ilhali mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho inachakaa siku zote mbili. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 waliishi na tatizo hili, na karibu nusu yao hawakujua kuwa wanalo. Hawajapimwa, na mwili haukuwaambia kitu.

Anayeamua ni namba. Lakini namba iliyopimwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kupima.

Namba mbili zinasema nini

Moyo unapojikunja kusukuma damu, kuta za mishipa hupokea msukumo mkubwa. Hiyo ndiyo namba ya juu. Moyo unapolegea ili ujae tena, msukumo unaobaki ndio namba ya chini. Zote husomwa kwa milimita za zebaki, jina lililobaki tangu enzi za vipimo vya bomba la zebaki.

Kliniki, mtu huhesabiwa kuwa na presha ya kupanda pale namba ya juu inapofika 140 au zaidi, au ya chini inapofika 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti. Si lazima zote mbili zipande. Mtu wa miaka 70 mwenye 158/76 ana presha ya kupanda, hata kama ile ya chini inapendeza macho. Mishipa mikubwa hukakamaa kwa umri. Ikikakamaa, namba ya juu hupanda na ya chini hushuka, na pengo hilo linaonyesha kukakamaa, si afya. Ile hesabu ya zamani kwamba mzee anaruhusiwa "100 kujumlisha umri wake" imekwisha waletea wengi kiharusi. Iacheni.

Nyumbani, mpaka ni wa chini kidogo: 135/85. Watu wengi husoma juu zaidi mbele ya mhudumu wa afya kuliko wakiwa kwao, kwa hiyo wastani wa nyumbani wa 138/87 si "chini ya 140/90, basi niko salama". Ni presha iliyopanda. Wataalamu wa moyo wa Marekani tangu 2017 huanza kuhesabu kuanzia 130/80, kwa hiyo usishangae ukikuta mipaka miwili tofauti katika maandishi ya kitabibu. Kwa vyovyote vile, mtu aliye kati ya 120 na 139 anapaswa kuanza kubadilisha chakula na mwendo sasa, kabla ya kidonge cha kwanza.

Mashine na mkanda wake

Chagua mashine ya kielektroniki inayofungwa mkono wa juu. Za kifundo cha mkono hukosea kirahisi kwa sababu watu hupima mkono ukiwa mapajani, na za kidole hazifai kabisa. Hakikisha ni aina iliyopitishwa katika majaribio ya usahihi. Mfamasia au kliniki inaweza kukuangalizia katika orodha zinazotolewa na vyama vya wataalamu wa presha. Maneno "imethibitishwa" yaliyochapishwa kwenye boksi hayatoshi.

Kabla ya kununua, pima mzunguko wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine imekatwa kwa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 37 ukifungwa mkanda huo, mashine hulazimika kubana kwa nguvu zaidi ili izibe mshipa, na huandika namba kubwa kuliko ukweli, pengine kwa 10, hata 20. Mtu anaongezewa dawa kwa ajili ya mkanda. Mkanda mkubwa mno hukosea kinyume chake: huficha presha iliyopanda. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono.

Jinsi ya kupima

1. Kwa nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza.
2. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, kando ya meza. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane.
3. Acha ngozi ya mkono wazi. Usikunje shati likabana juu ya mkanda. Vua mkono mzima wa shati.
4. Funga mkanda ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko, alama ya mshipa ikielekea upande wa ndani wa mkono. Vidole viwili viweze kupenya chini yake, si zaidi.
5. Laza mkono mezani, kiganja juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo, yaani katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi, weka mto au kitabu chini ya mkono.
6. Tulia dakika 5. Usiongee, usisome ujumbe kwenye simu, wala usisikilize habari zinazokukasirisha.
7. Pima. Subiri dakika 1. Pima tena. Andika zote mbili, pamoja na mapigo ya moyo, tarehe na saa.

Hatua ya 5 ndiyo inayoharibiwa na watu wengi, na ubaya wake unahesabika. Damu ina uzito: kila sentimita 10 ambazo mkanda uko chini ya moyo huongeza takriban 7 au 8 kwenye namba. Mkono ulioachwa uning'inie, au uliolazwa pajani, waweza kumfanya mtu wa 132 aonekane wa 140. Tena mtu anayeushikilia mkono hewani mwenyewe anakaza misuli, na misuli ikikazwa presha hupanda. Mkono ubebwe na meza.

Kuongea wakati mashine inabana nako huongeza namba, mara nyingi kwa takriban 10. Kibofu kilichojaa vivyo hivyo. Kupishanisha miguu huongeza 2 hadi 8. Sasa jumlisha: aliyekuja mbio, kibofu kimejaa, miguu imepishana, anajibu maswali huku mkono unaning'inia. Namba inayotoka hapo si presha yake. Ukipimwa kwa namna hiyo mahali popote, una haki ya kuomba kwa adabu ukae dakika 5 upimwe tena.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Kuanzia hapo tumia mkono uliotoa namba kubwa, siku zote huo huo. Tofauti ya namba ya juu ikizidi 15 tena na tena, mwambie daktari, kwani huenda mshipa wa upande mmoja umebanwa.

Wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wajue kwamba mashine hizi huyumba kwao, kwa kuwa kila pigo lina nguvu yake. Wapime mara tatu na kuchukua wastani. Na mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo sawa mara kwa mara, hilo ni jambo la kupeleka kliniki lenyewe, hata kama presha iko vizuri: mapigo ya namna hiyo yanaweza kuzalisha bonge la damu likaenda kuziba mshipa wa ubongo.

Juma moja la kuandika

Namba moja haisemi mengi. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa, na hilo ni kazi ya kawaida ya mwili. Unapotaka kujua hali halisi, au wiki moja kabla ya kwenda kliniki, fanya hivi: siku 7 mfululizo, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili. Asubuhi iwe ndani ya saa moja baada ya kuamka, baada ya haja ndogo, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya dawa, maana hapo ndipo dozi ya jana imebaki kidogo kabisa na utaona kama inafika mpaka kesho yake. Jioni iwe kabla ya kulala.

Futa siku ya kwanza yote. Wasiwasi wa kuzoea mashine huipandisha. Zinabaki namba 24. Jumlisha za juu, gawanya kwa 24; kisha za chini hivyo hivyo. Ukipata jumla ya 3,336 kwa za juu na 2,064 kwa za chini, wastani wako ni 139/86. Umevuka mpaka wa nyumbani.

Andika kila kipimo, hata kile usichokipenda. Kuna tabia ya kupima mara tano na kuandika iliyo ndogo kuliko zote. Daktari akiliamini daftari hilo atakuacha na dozi isiyotosha. Kwa upande mwingine, usipime kila saa. Anayepima mara kumi kwa siku hujitia hofu, hofu hupandisha presha, naye hupima tena. Presha ikishatulia, siku chache kwa mwezi zinatosha, au kama daktari wako atakavyoelekeza.

Daftari hili hufichua makundi mawili. Wapo wanaosoma juu kliniki na vizuri nyumbani. Hao mara nyingi hawahitaji dawa mara moja bali kufuatiliwa. Na wapo wanaosoma vizuri kliniki lakini juu nyumbani. Hawa wa pili ndio wa kuhofiwa, kwani hakuna anayewatafuta.

Chumvi

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichozidi usawa. Hiyo ni chumvi yote: ya kupikia, ya mezani na iliyokwisha kuwekwa kiwandani. Chumvi huvuta maji yabaki mwilini, ujazo wa damu huongezeka, na baada ya muda mishipa yenyewe hujibana zaidi. Figo zinazofanya kazi kwa shida, umri mkubwa na kisukari huongeza makali hayo.

Watu wengi huangalia kichupa cha mezani tu. Tatizo ni vitu visivyo na ladha kali ya chumvi: mkate, nyama zilizosindikwa, supu za pakiti, vidonge vya kuungia mchuzi, jibini, michuzi ya chupa. Soma lebo. Mara nyingi huandikwa sodiamu badala ya chumvi, nawe zidisha kwa 2.5. Mkate wenye miligramu 500 za sodiamu katika gramu 100 una gramu 1.25 za chumvi katika gramu hizo. Vipande vinne vya gramu 40 kila kimoja ni gramu 160, yaani gramu 2 za chumvi. Hiyo ni mbili ya tano ya siku nzima, na bado hujagusa mlo wenyewe.

Kwa chakula kinachopikwa nyumbani, njia inayoshika ni ya vipimo. Pima kwa kijiko chumvi unayotumia sasa kwenye sufuria moja, badala ya kuimimina kwa mkono. Juma la kwanza toa robo yake. Kaa hapo wiki mbili au tatu, kisha toa robo nyingine. Ulimi huzoea taratibu. Baada ya majuma kadhaa chakula cha zamani kitakukera kwa chumvi. Anayekata yote kwa siku moja hurudi ilikokuwa ndani ya siku nne, na familia nzima inamsaidia kurudi. Weka ndimu, vitunguu, tangawizi, pilipili au siki mahali pa ile uliyotoa. Ukitumia kidonge cha kuungia, usiongeze chumvi.

Ipo chumvi yenye sodiamu pungufu, ambayo sehemu yake imebadilishwa kwa kloridi ya potasiamu. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini nchini China, uliochapishwa 2021, uliwapa watu takriban 21,000 ama chumvi ya kawaida ama mchanganyiko wenye robo ya kloridi ya potasiamu; waliotumia mchanganyiko walipata viharusi vichache zaidi kwa asilimia 14. Ni njia nzuri. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa zinazobakiza potasiamu mwilini (nitazitaja chini), asiiguse bila kupimwa damu, kwani potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Kwa wenye figo nzima, potasiamu ya kwenye chakula, yaani maharagwe, mboga za majani, ndizi, viazi, inasaidia kushusha presha.

Mwendo, uzito, pombe, usingizi

Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukaza hatua, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Zigawe dakika 30 kwa siku 5. Kwa mwenye presha iliyopanda, hii peke yake inaweza kushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8, sawa na kazi ya kidonge kimoja cha dozi ndogo. Ukiacha, faida hupotea ndani ya majuma machache. Ukinyanyua uzito, usibane pumzi. Pumua nje unaponyanyua. Presha ikiwa juu ya 180 kabla ya mazoezi, ahirisha, ishushwe kwanza.

Kila kilo moja inayopungua kwa mwenye uzito uliozidi hushusha takriban 1. Kilo 5 si nyingi kwa macho, ila kwenye mashine zinaonekana.

Pombe hupandisha presha kadiri inavyoongezeka, na anayekunywa sana huona tofauti ndani ya wiki chache za kupunguza. Aliyezoea kunywa nyingi kila siku asikate ghafla bila msaada wa kitabibu, kwa sababu kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa. Sigara hupandisha presha kwa muda kila inapovutwa, lakini ubaya wake mkubwa ni mwingine: huharibu kuta za mishipa ile ile inayosukumwa kwa nguvu.

Usingizi husahauliwa. Mtu anayekoroma kwa nguvu, anayekata pumzi usingizini, anayeamka kachoka na kusinzia mchana, huenda njia yake ya hewa inaziba usiku. Kila inapoziba mwili hushtuka na presha kupanda, na hilo laweza kujirudia mara nyingi ndani ya saa moja. Anaweza kulundikiwa dawa tatu zisimsaidie mpaka tatizo la usingizi litibiwe. Mwenza wa kitandani ndiye shahidi, muulizeni.

Dawa za mambo mengine zinazopandisha presha

Mtu aliyedhibitiwa vizuri kwa mwaka mzima anafika kliniki na 165. Kabla ya kuongeza dozi, ulizeni ameanza kumeza nini. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hubakiza chumvi na maji na kupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Zaidi ya hapo, zikichanganywa na kidonge cha kukojoza maji na dawa ya kundi la enalapril au losartan, kwa pamoja huweza kuangusha figo, hasa kwa mzee au aliyepungukiwa maji. Paracetamol ni salama zaidi kwa maumivu ya siku chache, ingawa ile ya kuyeyushwa kwenye maji ikatoa povu hubeba sodiamu nyingi.

Wengine wa kushukiwa: dawa za mafua zenye pseudoephedrine, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, dawa za steroidi, na mizizi mitamu ya urukususi (liquorice) inapotumiwa kwa wingi. Mwambie mfamasia "nina presha" kila unaponunua chochote, hata dawa ya mafua.

Vidonge vya presha

Makundi makuu ni matano, na kuyajua kunakusaidia kusema tatizo lako kliniki.

Amlodipine hulegeza mishipa. Hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi moja kwa siku inatosha, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Usiihukumu siku ya tatu. Kasoro yake ni kuvimba vifundo vya miguu, hasa jioni. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo kidonge cha kukojoza hakiuondoi sana. Kupunguza dozi na kuongeza dawa ya kundi jingine hufanya kazi vizuri zaidi.

Hydrochlorothiazide, indapamide na chlorthalidone hutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Zimezwe asubuhi, la sivyo usiku utakuwa wa kwenda chooni. Zinaweza kushusha potasiamu na sodiamu na kuamsha ugonjwa wa gauti, ndiyo sababu ya kupima damu wiki chache baada ya kuanza.

Enalapril, lisinopril na ndugu zao huzuia homoni inayobana mishipa, na hulinda figo za wenye kisukari wanaopoteza protini kwenye mkojo. Baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichokwisha. Wengi huzunguka na dawa za kikohozi miezi mingi bila kujua chanzo. Losartan, telmisartan na valsartan hufanya kazi inayofanana bila kikohozi hicho. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla ukiwa kwenye dawa hizi, hasa za kundi la enalapril, acha dawa na kimbia hospitali. Njia ya hewa inaweza kuziba. Makundi yote mawili hubakiza potasiamu, kama ilivyo kwa spironolactone, dawa nyingine ya kukojoza. Na hayatumiwi wakati wa ujauzito, kwani humdhuru mtoto. Mwanamke anayepanga kubeba mimba aseme mapema ili abadilishiwe, na akishika mimba bila kupanga, aende siku hiyo hiyo.

Atenolol, bisoprolol na carvedilol hupunguza kasi na nguvu ya moyo, na kwa kawaida hupewa wenye sababu ya ziada ya moyo. Zisiachwe ghafla kamwe: moyo uliozoea kushikwa hurudi kwa kishindo. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa.

Daktari akikuanzishia dawa mbili kwa dozi ndogo, hajakuona mgonjwa mahututi. Dawa mbili za makundi tofauti kwa dozi ndogo hushusha zaidi, tena kwa madhara machache, kuliko kuongeza dozi ya dawa moja mara mbili. Kama zipo katika kidonge kimoja, afadhali zaidi. Kidonge kimoja hakisahauliki kirahisi.

Asubuhi au jioni? Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa 2022 haukuona tofauti katika kuzuia kiharusi na mshtuko wa moyo. Chagua saa ambayo huisahau, uifunge na jambo unalolifanya kila siku kama kupiga mswaki. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake saa ya dozi, meza moja tu, usirudishie.

Sasa kosa linaloumiza wengi kuliko yote. Namba zinafika 124/78, mtu anasema amepona, anaacha. Zile namba ni kazi ya kidonge. Kikiondoka, presha hurudi taratibu ndani ya siku au majuma, bila kubisha hodi. Wapo wanaopungukiwa na haja ya dawa, hasa waliopunguza uzito sana na chumvi, lakini dozi hupunguzwa na daktari hatua kwa hatua huku daftari likiangaliwa. Vidonge vikibaki vya siku 7, ndiyo siku ya kutafuta vingine.

Ukiharisha, ukitapika au ukishindwa kunywa maji, wasiliana na kliniki siku hiyo: dawa za kukojoza na za kundi la enalapril na losartan huenda zikasimamishwa kwa muda, kisha zirudishwe ukishakula na kunywa vizuri.

Mashine ikionyesha 180/120

Kwanza jiangalie. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, macho kufifia ghafla, kuchanganyikiwa, kifafa, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida: kukiwa na mojawapo, ita gari la wagonjwa au upelekwe hospitali mara moja, na usiendeshe mwenyewe. Kumbuka saa dalili ilipoanza, kwa kuwa matibabu ya kiharusi hutegemea saa hiyo.

Kama hakuna dalili hata moja, kaa, tulia dakika 5, pima tena kwa utaratibu wote. Mara nyingi itakuwa imeshuka. Ikibaki 180/120 au zaidi, wasiliana na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kama ulisahau dozi ya leo, meza hiyo moja ya kawaida. Usimeze mbili, usiazime dawa ya jirani, na usitoboe kidonge cha nifedipine ukamwaga dawa yake chini ya ulimi. Njia hiyo iliwahi kutumika na ikaachwa, maana presha ikianguka ghafla ubongo na moyo hukosa damu, na kiharusi kilichokuwa kinakimbiwa ndicho kinachopatikana.

Mjamzito hana ruhusa ya kusubiri hivyo. Kwake 140/90 inatosha kwenda kupimwa siku hiyo, na 160/110 ni dharura hata kama anajisikia vizuri.

Kliniki

Baada ya kuanza au kubadilisha dawa, rudi kila mwezi mpaka namba zifike lengo, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Lengo kwa wengi ni chini ya 140/90, na namba ya juu chini ya 130 kwa wenye ugonjwa wa moyo, kisukari au figo. Ulizia kipimo cha mkojo kwa protini, damu kwa kreatinini (huonyesha kazi ya figo), potasiamu, sukari na kolesteroli, kipimo cha umeme wa moyo, na macho. Presha iliyoanza kabla ya miaka 30, iliyopanda ghafla, inayoambatana na potasiamu ya chini, au isiyosikia dawa tatu zinazomezwa vizuri, inastahili kutafutiwa chanzo, kwani huenda ni tezi za juu ya figo, figo zenyewe au mshipa wake uliobanwa.

Mzee apimwe pia akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zinahitaji kupangwa upya kabla hajaanguka usiku akienda chooni. Mpaka hapo, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama.

Mara moja kwa mwaka beba mashine yako. Pimwa kwa ya kliniki, kisha kwa yako, mkono ule ule. Zikipishana kwa zaidi ya 5 kila mara, kagua kwanza mkanda na bomba lake: mara nyingi ni ufa mdogo unaovujisha hewa, au gundi ya mkanda iliyochoka ikawa inafunguka katikati ya kupima.